Ziwa Kivu Si Kinywa cha Volkano

Wiki iliyopita, ndani ya boti ya kutoka Goma kwenda Bukavu, miji iliyo kando ya Ziwa Kivu, mzee mmoja aliwaeleza wajukuu wake kwamba tulikuwa tukielea juu ya kinywa cha volkano iliyozama. Kwa heshima ya mvi zake nilinyamaza, lakini maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, hata kutoka kwa walimu, na leo sinyamazi tena.

Kinywa kikubwa namna hiyo huitwa kaldera, nayo huzaliwa kwa kuporomoka. Chumba cha magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, kikimwagika kwa wingi, paa lake hukosa cha kuliegemeza na kudidimia, kisha mvua hujaza shimo. Mlima Mazama wa Marekani ulipatwa na hayo miaka ipatayo 7,700 iliyopita, ukaacha ziwa lenye kina cha mita 594, lisilo na mto unaotoka, ambalo Wamarekani wanaliita Crater Lake, yaani Ziwa la Kreta (shimo la mlipuko), ingawa ni kaldera. Kumbe ukaidi huu wa kuchanganya majina si wa Goma peke yake.

Kivu limekaa katika bonde la ufa, mahali ambapo ardhi inavutwa pande mbili na sakafu yake kushuka. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia. Yakapanda, yakapata mlango kusini, na mlango huo ndio Ruzizi inayoshuka hadi Tanganyika. Kwa hiyo volkano zililizuia ziwa kama ukuta, hazikulichimba. Zilimaliza kuziba lini? Hapo wanajiolojia wanatofautiana kwa maelfu ya miaka.

Anayetaka ziwa la kreta aende Lac Vert, upande wa barabara ya Sake, ambako magma ilikutana na maji na kulipua shimo. Shimo hilo lilirushwa nje, halikuporomoka, kwa hiyo nalo si kaldera.

Na Nyiragongo, volkano iliyo jirani na Goma, je? Hapa ndipo wenzangu wananikasirisha, nami najikasirisha. Shimo lake la kileleni, lenye upana wa takriban kilomita 1.2, limepanuliwa na maporomoko, na vitabu vingi huanza kuhesabu kaldera kwenye kilomita moja. Tukifuata rula hiyo, ni kaldera. Hata hivyo sote tunasema kreta, nami nimewahi kuandika majina yote mawili katika ripoti moja bila aibu. Nyamulagira, jirani yake, hana utata huo: kaldera yake ina upana wa kilomita mbili hivi.

Wabishi hunirudisha Mei 2021, baada ya Nyiragongo kumwaga lava tarehe 22, magma ilipopenya chini ya mji wa Goma hadi chini ya ziwa bila kutoka juu. Ni kweli, na ndiyo sababu watu walihamishwa. Lakini maji ya mvua yakipita chini ya nyumba yako, nyumba haigeuki kuwa mto. Kilichotutia hofu ni gesi iliyo ndani ya ziwa, ambayo magma ingeweza kuifungulia: Kivu limeyeyusha takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksaidi na 60 za methani, na mwaka 1986 kaboni dioksaidi iliyotoka katika Ziwa Nyos, Kameruni, iliua watu zaidi ya 1,700.

Boti ilipokuwa ikiondoka bandarini, Mlima Goma, uliozaliwa magma ilipokutana na maji, ulikuwa nyuma yetu kabisa. Mzee aliupa mgongo, akiwaonyesha watoto maji.