Kula kwa Majonzi Si Ulafi

Hapa Mombasa, mtu mnene akilalamikia uzito wake huambiwa upesi kwamba ni mlafi na dawa yake ni kufunga mdomo. Kauli hiyo haimwoni mama aliyeshinda na fikra za kodi ya nyumba na karo, ambaye jioni hupitia kwa muuza viazi karai, akamaliza sahani nzima bila ya kuwa na njaa, kisha akalala na majuto. Msongo wa mawazo wa muda mrefu huongeza homoni ya kotisoli, ambayo huweza kuamsha hamu ya vyakula vya sukari na mafuta. Navyo huliwaza moyo kwa kitambo kidogo tu, ndipo mtu akavirudia. Kumkaripia huzidisha aibu, na aibu humrudisha kwenye sahani ile ile.

Kwa hiyo tabibu anayetibu unene uliokithiri hana budi kuuliza mgonjwa hula lini na akiwa katika hali gani ya moyo, wala asitosheke na orodha ya vyakula vya kuepuka. Tiba ya mazungumzo humfunza mgonjwa kuandika alichohisi kabla ya kula na kutofautisha njaa ya tumbo, inayokuja polepole, na ile ya moyo, inayozuka ghafla ikidai mahamri na si kingine. Hata hivyo, si kila mnene hula kwa huzuni: urithi, usingizi haba na baadhi ya dawa, zikiwemo steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mzio mwilini, huongeza uzito pia.