Je, mateka wa Kijapani ndio waliojenga jumba lote la opera la Tashkent?

Wengi wanaamini kwamba jumba la taifa la opera na baleti la Tashkent, Uzbekistan, lilijengwa lote na mateka wa Kijapani wa Vita vya Pili vya Dunia, na ndiyo maana lilisimama imara wakati tetemeko la Aprili 1966 lilipobomoa sehemu kubwa ya mji.

Imani hii haikuzuka hewani. Mateka mamia kadhaa walifanya kazi pale kweli, na jumba halikuanguka. Ila ujenzi ulianza mwaka 1939, ukasimama vita vilipopamba moto, ukaendelea baadaye, na milango ikafunguliwa 1947. Japani ilisalimu amri Agosti 1945, na ndipo mateka hawa walipoangukia mikononi mwa Wasovieti, waliotawala Uzbekistan wakati huo. Weka 1939 na 1945 pamoja: mateka walikuta jengo limeshaanza kupanda.

Ndani mna kumbi sita za mapumziko, kila moja imepambwa kwa mtindo wa eneo mojawapo la Uzbekistan: Samarkand, Bukhara, Khorezm na mengine. Ukisogelea ukuta unaona maua na nyota zilizochongwa kwenye jasi, kazi ya mafundi wa Kiuzbeki waliorithi ufundi huo kwa wazee wao. Naona uchungu wanaposahauliwa.

Ukifika pale, au ukipata picha, soma kibao cha kumbukumbu ukutani. Kimeandikwa kwa lugha kadhaa, Kijapani ikiwemo, nacho kinasema Wajapani walitoa mchango katika ujenzi. Hakisemi walijenga peke yao.