Je, wajua kwa nini nondo ya ethi humwagiwa maji wakati wa kiangazi Dodoma?

Ukipita asubuhi ya Septemba kwenye karakana ya seremala pale Kizota, huenda ukamkuta kijana akimimina ndoo ya maji kwenye kishimo kilicho kando ya ukuta, mahali ambapo hapana mche wala ua. Ndani ya kishimo hicho kuna nondo iliyopakwa shaba, yenye urefu wa mita 1.2 hivi, ambayo mafundi huiita ethirodi.

Kazi ya nondo hiyo ni kuupatia umeme unaovuja njia isiyopitia mwilini mwa mtu. Waya wa moto ukichubuka ndani ya randa ya umeme na kugusa bodi ya chuma, umeme hufuata waya wa ethi hadi kwenye nondo, ukaingia udongoni na kurudi kwenye transfoma, ambayo nayo ina ethi yake. Lakini kinachobeba umeme ardhini si chembe za mchanga. Ni maji yenye chumvichumvi yaliyojificha kati ya chembe hizo. Dodoma hupata mvua ya wastani wa chini kidogo ya milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo ifikapo Septemba udongo wa juu umekauka na ukinzani wa ethi, yaani ugumu wa umeme kupita hadi ardhini, umepanda sana. Ndiyo maana ya ile ndoo.

Je, inatosha? Tufanye hesabu. Chukua ethi yenye ukinzani wa omu 100, jambo lisilo la ajabu kwenye udongo mkavu. Umeme wetu ni wa volti 230, hivyo hata waya wa moto ukigusa bodi moja kwa moja, mkondo unaokwenda ardhini ni ampia 2.3 tu. Fyuzi ya plagi ni ya ampia 13. Haitakatika, na bodi ya randa itabaki na karibu volti zote 230 ikimsubiri atakayeishika. Sasa mwaga maji mpaka ukinzani ushuke hadi omu 20: mkondo unafika ampia 11.5, na fyuzi bado ni nzima. Chumvi, ambayo wengine huichanganya na mkaa, hushusha ukinzani kwa muda, kisha huila nondo yenyewe na kuchukuliwa na mvua za kwanza. Ni afadhali kuongeza nondo ya pili, au kuzama zaidi hadi kwenye unyevu.

Kwa ardhi kama hii, kinachookoa mtu ni kifaa chenye alama ya RCD kwenye kasha la umeme, ambacho hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na hukata umeme tofauti ikifika miliampia 30, kwa muda usiozidi theluthi moja ya sekunde. Zile ampia 2.3 zilizoishinda fyuzi ni zaidi ya mara 70 ya kiwango hicho. Kina kitufe cha kujaribia, ambacho kinafaa kubonyezwa mara kwa mara.

Linabaki suala la ekstensheni, na hapo ndipo ninapoona uzembe mkubwa zaidi. Nyingi hutengenezwa kwa waya wa nyuzi mbili uliofungwa plagi ya miguu mitatu. Mguu mrefu wa juu unafungua tu vizuizi vya soketi, wala haukuunganishwa na kitu. Fungua plagi kwa bisibisi uhakikishe: kahawia ni waya wa moto, bluu ni nyutro, na wa kijani wenye mistari ya njano ndio ethi. Pia, ekstensheni ndefu ikunjuliwe yote kabla ya kuwasha mashine nzito, kwa maana waya uliojiviringisha hukosa pa kutolea joto na hatimaye ganda lake huyeyuka. Drili na grinda zenye alama ya mraba ndani ya mraba zina ganda maradufu, hivyo zenyewe hazihitaji ethi.

Randa ya bodi ya chuma haina msamaha huo. Katika karakana moja niliyowahi kuingia, plagi ya ekstensheni ya randa ilipofunguliwa ilikuwa na kahawia na bluu tu, ilhali nje, kando ya ukuta, kishimo cha nondo kilikuwa bado kibichi kwa maji ya asubuhi hiyo.