Ukiitwa ustawi wa jamii: wazazi wanavyodhani na sheria inavyosema

"Mwanangu ni wangu, hakuna wa kuniingilia."
Msimu wa korosho, Newala au Tandahimba mkoani Mtwara, Tanzania, wazazi wanahamia shamba na watoto wanabaki na bibi. Jirani akiona wanalala njaa na kupeleka taarifa, msimwite mchonganishi: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka atoe taarifa. Afisa ustawi wa jamii mwenye sababu za msingi anaweza kuja nyumbani pamoja na askari. Muulize kitambulisho, uandike jina lake, kituo chake na tarehe. Kumfungia mlango hakukusaidii kitu.

"Nikiitwa ustawi, nimeshashtakiwa."
Hapa ndipo wengi wanapochanganya, maana njia ni mbili: ya ustawi na ya polisi. Afisa ustawi anakuita mzungumze kuhusu hali ya mtoto, kisha anaamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Ukikataa kutekeleza uamuzi wake, suala linapelekwa mahakamani, na huko unaweza kutakiwa kusaini ahadi ya kumtunza. Kwa hiyo nenda, tena nenda na kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, na huyo bibi aliyebaki na watoto.

Polisi ni habari nyingine. Ukishikiliwa kwa tuhuma za ukatili, lazima uelezwe kosa unalotuhumiwa na uonywe kwamba hulazimiki kujibu maswali zaidi ya jina na anwani. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa kawaida wa kukuhoji ni saa 4 tangu uzuiliwe; ukizidi, lazima uongezwe kisheria. Kosa kubwa linalofanyika ni kuweka dole gumba kwenye maelezo ambayo hukusomewa. Omba usomewe, na palipokosewa pasahihishwe kwanza.

"Wakimchukua mtoto, basi tena."
Kumwondoa mtoto kwa dharura ni hatua ya muda. Kumweka chini ya uangalizi wa ustawi kunahitaji amri ya Mahakama ya Watoto. Kesi husikilizwa faragha, mzazi akiwepo, na wakili anaruhusiwa. Omba nakala ya amri siku hiyohiyo na uulize mwisho wa kukata rufaa.

"Mjomba atayamaliza."
Kusini mjomba ana sauti, na kumsindikiza mzazi ni jambo jema. Ila mtoto akibakwa au kulawitiwa, hakuna kikao cha ukoo wala karatasi ya mtendaji inayofuta kesi. Fidia mnayokubaliana inaweza kuwaponza nyinyi wenyewe. Mpelekeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, mchukue PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) na mwende hospitali kabla ya kumwogesha au kufua nguo zake; ushahidi unapotelea hapo. Akiwa na hali mbaya, anzeni hospitali.

"Ukimgusa tu na fimbo, jela."
Sivyo, lakini pia si ruhusa. Sheria inapima adhabu kwa umri wa mtoto, afya na akili yake. Mdogo asiyeelewa kwa nini anachapwa hachapwi kabisa. Ukivuka mpaka, faini inafika shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Majeraha makubwa yanaweza kukuletea shtaka zito zaidi.

"Wakili ni wa wenye hela."
Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo bila malipo. Waulizie ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako kabla ya siku ya kesi.