Kutanua mboni: kwa nini mtoto hutiwa matone kabla ya nusu kaputi

Kutanua mboni ni kutia dawa ya matone ili ile nukta nyeusi ya katikati ya jicho ibaki wazi. Nukta hiyo ni tundu. Jua likiwaka linajifinya, giza likiingia linafunguka. Retina, utando unaopokea picha, iko nyuma kabisa, na kuitazama kupitia mboni iliyojifinya ni kama kuchungulia chumba kwenye tundu la kitasa: kitanda utakiona, pembeni hutajua kuna nini.

Na pembeni ndiko kwenye kazi. Retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5, inaweza kuanzia ukingoni mwa retina. Mara nyingi mama ndiye wa kwanza kuona weupe ukimeta kwenye mboni, kama jicho la paka usiku. Mtu mzima huambiwa tazama juu, tazama kushoto, akatii. Mtoto wa miaka miwili hatulii, tena daktari inabidi alibonyeze jicho kidogo kwa nje ili ukingo uonekane. Ndiyo maana analazwa kwa nusu kaputi.

Wengi huuliza: akishalala, mboni si zitalegea zenyewe? Hapana. Kwenye usingizi mzito wa dawa mboni hunywea, hasa akipewa dawa za maumivu za jamii ya mofini. Kwa hiyo matone hutangulia, nusu saa au zaidi. Macho meusi kama ya watoto wetu huchelewa kutanuka kwa sababu rangi yake huishika dawa, basi matone hurudiwa. Ukiona nesi anarudi na kichupa mara ya pili, usidhani amesahau kwamba ameshamtia.

Hapa Mwanza niliwahi kukaa benchi moja na mama aliyevuka kwa meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, jana yake. Mwanawe alifumba macho kwa nguvu zote. Nesi hakushindana naye. Alimlaza chali, akadondosha tone kwenye kona ya jicho karibu na pua, likiwa limefumbwa vilevile, akasubiri. Mtoto alipofumbua kumtafuta mama, tone likateleza ndani lenyewe. Kisha akaibana ile kona kwa kidole kama dakika moja, dawa isishukie puani ikaingia kwenye damu. Ikiingia kwa wingi, mtoto huweza kupata joto, mdomo kukauka, moyo kwenda mbio. Ukiona hivyo, mwambie nesi palepale, kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji.

Matone lazima yaandikwe kwenye faili. Mtaalamu wa usingizi hutazama mboni kama dalili mojawapo ya hali ya mgonjwa, na mboni iliyotanuliwa kwa dawa haijibu tochi. Asipojua, atashtuka bure, au atapotezwa. Na kama kinachotafutwa ni presha ya macho, daktari anaweza kuyachelewesha matone makusudi. Presha hupimwa mapema mara mtoto anapolala, kwa kuwa dawa nyingi za usingizi huishusha.

Kuhusu kula: kwa kawaida uji na maziwa ya ng'ombe huachwa saa 6 kabla, ya mama saa 4, maji saa 2. Wanaotoka mbali ndio huponzwa hapa, kwani nani atamnyima mtoto uji alfajiri ya safari? Lakini tumbo likiwa na kitu, akilala anaweza kutapika kikaingia mapafuni, kwa hiyo kipimo kitaahirishwa. Uliza saa kamili kabla hujatoka nyumbani.

Akiamka, mwanga utamuumiza na vya karibu ataviona kwa ukungu. Matone ya aina ya saiklopentoleti huisha nguvu kwa takriban siku moja. Ya atropini yanaweza kufika wiki mbili. Yule mama wa Nansio alitoka na mwanawe begani, kamfunika kanga mpaka kidevuni, maana ziwa saa ile lilikuwa linang'aa kama bati jipya.