Je, wajua kwa nini kuongeza vihisi njiani hupunguza kasi ya video?

Tuseme kamera ndogo ya betri imefungwa mtini Kidike, hifadhi ya popo kisiwani Pemba, kuwatazama popo wa Pemba wakilala mchana. Popo hawa hawapatikani popote nje ya Pemba, na kuwasogelea kila mara huwasumbua. Video inatakiwa ifike kijijini bila waya, ikipokezwa na vihisi, yaani vifaa vidogo vyenye redio, vilivyopangwa njiani.

Kwa muda mrefu niliamini kuwa video ikikwama, dawa ni kuongeza vihisi: umbali baina yao ukipungua, kasi itapanda. Sivyo. Ni kweli mawimbi hufika yakiwa na nguvu na pakiti (vipande vya data) chache hupotea, na kama kihisi kimoja kilikuwa hakimfikii mwenzake kabisa, cha kati kinahitajika. Lakini kikishafika, kila cha ziada hupunguza kasi ya njia nzima.

Vyote hugawana hewa moja. Fikiria ngalawa tano zimejipanga baharini, wavuvi wanapokezana habari kwa kuitana. Wa kwanza akiita, wa pili hunyamaza asikie. Wa pili anapomwita wa tatu, wa kwanza hana wa kumsikiliza. Wa tatu anapomwita wa nne, sauti yake humrudia wa pili. Wa kwanza akiita wakati huo, wa pili hapati neno. Kwa hiyo wa kwanza ana zamu moja katika kila tatu. Redio huvuruga hata mbali kuliko inakosikika vizuri, hivyo mara nyingi hata theluthi hiyo haifikiwi.

Redio za IEEE 802.15.4, kiwango cha redio zinazotumia umeme kidogo, zinazotumiwa sana kwenye vihisi, hupitisha kilobiti 250 kwa sekunde kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Picha moja isiyo na rangi, ya nukta 320 kwa 240, kila nukta biti 8, ina biti 614,400. Hiyo ni karibu sekunde 2.5 kwa hatua moja, na zaidi ya 7 njia ikiwa ndefu, kwa ile zamu moja katika tatu.

Chaneli zipo 16, na kuzigawa husaidia, ila redio moja haiwezi kusema na kusikiliza kwa pamoja. Redio ya pili hula betri. Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike ndani ya kamera: ilinganishe picha na iliyotangulia, itume kilichobadilika tu. Picha kamili ya mwanzo ilindwe kuliko zote na irudiwe ikipotea, maana mabadiliko yote huegemea hiyo.

Popo wakilala, njia hii inatosha. Magharibi wanaporuka wote kwa pamoja, karibu kila nukta hubadilika. Hapo kamera ihifadhi video, iitume taratibu usiku.