Kabla hujang'oa klachi ya kiwandani, fikiria Kitonga

Vijana wenye pikipiki za spoti hutuletea swali hili karakana ya chuoni hapa Mbeya: niagize klachi ya kuteleza ya STM ya Italia au Suter ya Uswisi, au nibaki na iliyokuja na pikipiki? Jibu langu huanzia Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa.

Ukishusha gia mbili kwa haraka spidi ikiwa bado kubwa, tairi la nyuma ndilo linalolazimisha injini kuzunguka. Injini inakaza, tairi linarukaruka au kuburuzika, na kwenye lami yenye maji ya barabara ya Tukuyu unajikuta chini. Katika klachi ya kuteleza, kitovu kimechongwa miinamo midogo ya mshazari. Nguvu ikirudi kutoka kwenye tairi, presha pleti (sahani inayobana pleti za klachi) hupanda miinamo hiyo kidogo sana, mbano kwenye pleti hulegea na tairi hubaki limeshika barabara. Mkono wa klachi ukidundadunda vidoleni wakati huo, si ubovu.

Kawasaki Ninja 400, KTM RC 390 na hata Bajaj Dominar 400 hutoka nayo kiwandani, imepangwa kwa barabara: hulegeza mshtuko, kisha injini huendelea kukuzuia. Za mashindano, kama hizo za kuagiza, unaweza kuzibadilishia springi au miinamo ziteleze mapema, kwa kuwa dereva wa sakiti hutegemea breki. Sasa shuka Kitonga na hiyo ya mashindano, lori mbele yako, kona juu ya kona. Injini haikuzuii vya kutosha, unakaa kwenye breki muda wote, na breki ikishapata moto nguvu yake hupungua. Hilo linanitia hofu kuliko bei, ingawa seti kamili huweza kuvuka dola 1,000.

Na zile asubuhi za baridi za Juni na Julai, betri ikigoma tunasukuma. Klachi inayoteleza mapema itakutoa jasho bure, maana nguvu ya tairi haifiki ya kutosha kwenye injini.

Wengine hutaka springi ngumu ili klachi ibebe nguvu zaidi bila kuteleza. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Klachi ya kiwandani iliundwa kubeba nguvu ambayo pikipiki yako haiifikii huku.

Tena wengi hawahitaji klachi mpya. Pikipiki moja ililetwa kwa sababu klachi yake iliteleza ikipanda mlima. Tulipofungua kava, pleti za chuma zilikuwa za bluu kwa moto na oili inanuka kuungua. Mwenyewe aliweka oili ya gari, yenye viungo vya kupunguza msuguano, wakati klachi hii huogelea kwenye oili ileile ya injini. Kopo liwe na maandishi JASO MA au MA2, si MB. Tuliloweka pleti mpya za kiwandani kwenye oili usiku kucha, tukafunga, tukalegeza kidogo waya wa klachi uliokazwa mno. Ikapanda bila kuteleza.

Kama pikipiki yako ni ya zamani, haina kabisa klachi ya kuteleza, na unaiendesha kwa kasi, hapo nakuelewa ukiagiza. Mwambie muuzaji unataka mpangilio wa barabara. Fundi apime kwa kalipa kimo cha pleti zote zikiwa zimepangwa, na nati ya kitovu aikaze kwa spana ya kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki hiyo.